Ushuhuda si ushahidi: swichi ya milioni saba haiongezi besi

Ndugu zangu wapenda muziki, leo nina ugomvi. Ugomvi wenyewe unahusu kijisanduku kinachoitwa swichi. Sizungumzii swichi ya taa ukutani. Nazungumzia swichi ya mtandao, kile kisanduku chenye matundu matano au manane ambacho jamaa wa TEHAMA ofisini kwenu huchomeka nyaya za kompyuta ili zote zipate intaneti. Ya kawaida ya nyumbani haizidi sana dola 20. Unaichomeka, taa zinawaka, unaisahau mpaka siku utakapohama.

Sasa huko Ulaya na Marekani kuna soko la swichi za muziki. Ndiyo, umesoma sawasawa. Wateja wake ni mashabiki wa sauti safi, watu ambao tayari wana spika za bei ya gari na amplifaya yenye uzito wa gunia la mahindi. Kampuni ya UpTone Audio ya Marekani ilitoa swichi yake, EtherREGEN, mwaka 2019 kwa dola 640. Uingereza kuna English Electric 8Switch, iliyouzwa kwa zaidi ya pauni 400. Nordost, kampuni maarufu kwa nyaya za spika, ilitoa QNET yenye matundu matano kwa zaidi ya dola 3,000. Kwa hela yetu ni zaidi ya shilingi milioni saba. Kwa matundu matano!

Ukisoma wanachoahidiwa wanunuzi unaweza kudhani swichi ni mpiga gitaa. Wanaambiwa besi itakuwa nzito zaidi, sauti ya mwimbaji itatulia, ukimya kati ya noti na noti utakuwa mweusi zaidi, na vyombo vitasogea mbali kimoja na kingine kama vile ukuta wa sebule umevunjwa.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili asiyeupenda aanze kuandaa mawe. Kama swichi yako ya kawaida ni nzima, swichi ya bei mbaya haiwezi kuboresha muziki unaousikiliza mtandaoni. Anayedai kwamba inaweza, kazi ya kuthibitisha ni yake, wala si yangu. Na mpaka leo hajathibitisha.

Tuanze na jinsi wimbo unavyosafiri, maana ujanja wote wa biashara hii unaishi pale ambapo mteja hajui kinachotokea ndani ya waya.

Wimbo ukiwa kwenye seva si sauti, ni namba. Kwenye ubora wa CD, kila sekunde moja ina namba 44,100 kwa upande wa kushoto na nyingine 44,100 kwa upande wa kulia, na kila namba ina biti 16. Zidisha utapata biti 1,411,200 kwa sekunde. Zinasikika nyingi, lakini hata waya wa mtandao wa kizamani wa megabiti 100 unaweza kubeba CD kama hizo 70 kwa wakati mmoja. Spotify, ambayo ilifika Tanzania, Kenya na majirani zetu Februari 2021, kwa miaka mingi kiwango chake cha juu kilikuwa kilobiti 320 tu kwa sekunde. Ilianza kuwapa wanaolipia sauti isiyopunguzwa kitu Septemba 2025. Kwa hiyo waya haujazidiwa, na swichi haitoki jasho.

Namba hizo hukatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti. Pakiti moja kwenye waya wa mtandao hubeba baiti zisizozidi 1,500, hivyo wimbo wa dakika nne kwa kilobiti 320 unakuwa pakiti zaidi ya 6,000. Kila pakiti ikiwa kwenye waya ina mkia wa biti 32, na mkia huo ni hesabu iliyopigwa kutokana na yaliyomo ndani. Swichi ikipokea pakiti hupiga hesabu upya. Jibu likilingana, inapita. Lisipolingana, inatupwa. Hakuna pakiti inayopita ikiwa imechoka, imefifia au imepoteza utamu. Juu yake kuna utaratibu uitwao TCP, ambao msingi wake ulielezwa na Vinton Cerf na Robert Kahn mwaka 1974. Huo huzipa data namba za mpangilio, na kipande kikikosekana mpokeaji hukiomba upya. Halafu juu ya hapo huduma hizi hufunga data kwa kufuli la siri la aina ile ile unayoitumia ukiingia kwenye tovuti ya benki. Biti moja ikibadilishwa njiani, kufuli linakataa kipande chote.

Fikiria kutuma pesa kwa simu. Ukituma shilingi 50,000 hazifiki 49,980 kwa sababu mnara wa simu ulikuwa na kelele siku hiyo. (Makato ni habari nyingine, tusianze.) Pesa ama imefika yote au haijafika kabisa, na ukipigiwa uambiwe "imefika lakini imepauka", utajua unazungumza na tapeli. Kwa nini basi tukubali kauli hiyo kwenye muziki?

Data iliyopata shida ina sura yake, na sisi wa pwani hii tunaijua vizuri. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikasuasua Tanzania na kwa majirani. Wimbo uliganda. Kile kiduara kilizunguka mpaka ukakereka ukazima simu. Programu nyingine zilijishusha zenyewe zikaleta sauti ya kiwango cha chini. Mtandao ukiumwa ndivyo unavyoumwa, kwa kukatika na kusubirisha. Sijasikia hata mtu mmoja aliyelalamika siku zile kwamba wimbo unapiga vizuri bila kukatika, ila besi imekuwa nyembamba na mwimbaji amesogea nyuma hatua mbili. Ugonjwa huo mtandao hauna.

Na hebu fikiria safari yenyewe. Wimbo unatoka kwenye seva, labda iko bara jingine, unapita kwenye swichi na ruta za kampuni ambazo huzijui hata kwa majina, unapita chini ya bahari, unafika kwa mtoa huduma wako, unaingia nyumbani kwako. Njia nzima hiyo hakuna aliyeweka swichi ya mashabiki wa sauti safi. Leo unaambiwa mita mbili za mwisho ndizo zitakazoutakasa wimbo. Umetakaswa kutoka nini, kama namba zilizofika ni zile zile zilizotumwa?

Wauzaji si wajinga. Hoja hiyo wameisikia miaka mingi, na wengi wao siku hizi hawadai tena kwamba swichi inabadilisha namba. Wana ngome mbili za kukimbilia. Ya kwanza inaitwa jita, yaani kuyumba kwa saa. Ya pili ni kelele za umeme. Tuziendee moja moja.

Wanasema pakiti zikifika kwa kuyumba, nyingine mapema nyingine kwa kuchelewa, muziki nao utayumba. Ndiyo maana swichi zao zina saa za gharama ndani, nyingine zina hadi kijiko cha joto cha kuituliza saa isitetereke. Kwa mtu asiyejua, hoja inaingia akilini. Lakini wewe unayeishi kwenye mgao wa maji unayo dawa yake nyuma ya nyumba: simtanki. Maji ya mgao yanakuja saa nane usiku kwa fujo, yanakohoa, yanakatika, yanarudi. Yote yanaingia kwenye tanki. Asubuhi ukifungua bomba la bafuni, maji yanatoka kwa utulivu uliopangwa na tanki na bomba lako. Namna yalivyoingia usiku haihusiki tena.

Kifaa cha kuchezea muziki kina simtanki yake, inaitwa bafa. Pakiti zinaingia kwa mafungu, wakati mwingine sekunde nyingi za wimbo kwa mkupuo. Zinakaa kwenye kumbukumbu. Kisha saa iliyomo ndani ya kigeuzi, yaani kile kifaa kinachogeuza namba kuwa umeme wa sauti, ndiyo inayozitoa moja moja kwa mwendo wake. Saa ya swichi haifiki pale. Kazi yake iliishia kwenye kusukuma pakiti. Kama saa ya kigeuzi chako ni mbovu, nunua kigeuzi kingine. Vizuri vipo kwa bei ya sehemu ndogo ya hizo swichi.

Jaribio la jambo hili halihitaji shahada. Cheza wimbo kwenye kifaa kilichochomekwa waya wa mtandao, na wimbo ukiendelea chomoa waya. Mara nyingi muziki utaendelea kwa sekunde kadhaa, na kwenye programu nyingine utamaliza wimbo mzima. Katika muda huo swichi yako ya milioni saba haichangii chochote. Imekuwa pambo la kabati. Je, besi imekauka? Ukimya umepungua weusi? Kama sauti haikubadilika swichi ilipotoka kazini, ilikuwa inafanya kazi gani?

Ngome ya pili ina ukweli ndani yake, na ukweli huo tuutendee haki. Waya wa shaba hubeba umeme, na umeme unaweza kubeba kelele kutoka kwenye chaja mbovu au pawa saplai ya bei rahisi. Kelele hizo zikifika mpaka kwenye kigeuzi au amplifaya, kinadharia zinaweza kusikika. Nani asiyewahi kusikia spika zikivuma baada ya kuchomeka kompyuta?

Lakini waliotengeneza Ethernet nao walilifikiria hilo. Kila tundu la waya wa mtandao lina transfoma ndogo ndani inayotenganisha umeme wa kifaa kimoja na kingine, na kiwango chake kinataka istahimili volti 1,500. Pia kelele zikifika kwenye sauti zinapimika. Vyombo vya kisasa vinapima mambo madogo kuliko sikio lolote la binadamu linavyoweza kusikia. Kwa hiyo swali ni rahisi: ukipima sauti inayotoka kwenye kigeuzi, kwanza kwa swichi ya kawaida, halafu kwa swichi ya bei mbaya, unaona tofauti?

Amir Majidimehr wa Audio Science Review aliipima EtherREGEN kwa njia hiyo hiyo. Hakuona tofauti kwenye sauti inayotoka. Na kama ungekuwa na mfumo wenye tatizo la kelele, tiba zipo za bei ya chakula cha mchana. Tumia waya wa mtandao usio na ngozi ya chuma, ili usiunganishe vifaa viwili kwa njia hiyo. Au tumia Wi-Fi, ambayo haina shaba kabisa kati ya ruta na kifaa chako. Wengi wenu mnasikiliza kwa simu na bando, hivyo hata huo waya wa mtandao hamna. Mmeshavuka ugonjwa ambao wenzenu wanauziwa dawa yake.

Tukifika hapa, shabiki wa kweli huacha fizikia na kutoa hoja yake ya mwisho: "Vipimo havipimi kila kitu. Mimi naamini masikio yangu."

Vizuri. Na mimi nataka masikio. Nataka masikio peke yake, bila macho na bila risiti. Kuna njia ya kufanya hivyo ambayo watu wa sauti wanaijua kwa miongo mingi: mtu anasikiliza bila kuambiwa ni kifaa kipi kinapiga, sauti zote mbili zikiwa na ukubwa sawa, mara nyingi kwa mpangilio wa kubahatisha, halafu anataja. Ukitaja sahihi mara 12 au zaidi kati ya 16, uwezekano wa kuwa umebahatisha ni chini ya asilimia 4. Hapo nitakuvulia kofia. Katika jaribio hilo hakuna mashine inayokupinga. Ni masikio yako yale yale unayoyaamini.

Historia ya majaribio hayo haiwapendezi wauzaji. Mwaka 2015 tovuti ya Ars Technica na taasisi ya James Randi walifanya jaribio la wazi Las Vegas kwa waya wa mtandao wa AudioQuest uitwao Vodka, wa dola zipatazo 340, dhidi ya waya wa kawaida. Wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha. Kabla ya hapo, 2007, Randi huyo huyo, ambaye aliweka dola milioni moja kwa yeyote atakayethibitisha maajabu chini ya uangalizi, aliielekeza ahadi hiyo kwa nyaya za spika za Pear Anjou zilizouzwa dola 7,250. Mwandishi mmoja wa majarida ya sauti alikubali kujaribu. Kampuni ya nyaya ikajitoa, na jaribio halikufanyika. Jamani, unauza kitu unachosema tofauti yake kila mwenye masikio anaisikia, unawekewa dola milioni moja mezani, unaondoka?

Hata mambo makubwa kuliko swichi yanapata shida kwenye majaribio haya. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha kwenye jarida la Audio Engineering Society jaribio la kulinganisha sauti ya diski za ubora wa juu na sauti hiyo hiyo ikiwa imepitishwa kwenye kiwango cha CD. Majaribio 554, majibu sahihi 276. Hiyo ni asilimia 49.8, sawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Queen Mary University of London alikusanya tafiti 18 za aina hiyo na kupata asilimia 52.3. Ipo tofauti kidogo, na ni haki kuitaja. Lakini angalia ukubwa wake: hapo namba zenyewe zimebadilishwa kabisa, na bado watu wanakaribia kubahatisha. Kwa swichi, namba hazijabadilika hata moja.

Na msiniambie huu ni wivu wa watu wasio na vyombo. J. Gordon Holt, mtu aliyeanzisha jarida la Stereophile mwaka 1962, baba wa uandishi huu wa kuhakiki vyombo kwa kusikiliza, mwaka 2007 alizungumza na jarida hilo hilo na kulaumu kwamba fani yake ilipoteza heshima ilipokataa majaribio ya haki ya aina hii. Aliyesema ni mwenye nyumba, wala si jirani mwenye kijicho.

Mtaniuliza, sasa wote wanaosema wamesikia tofauti ni waongo? Hapana. Naamini wamesikia. Ubongo hausikilizi kwa masikio peke yake. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliwapa watu divai ile ile mara mbili, mara moja wakiambiwa ni ya dola 10, mara nyingine dola 90. Ya dola 90 waliipenda zaidi, na picha za ubongo zilionyesha sehemu inayohusika na raha ikichangamka zaidi. Hawakuwa wanaigiza. Raha ilikuwa ya kweli, ila haikutoka kwenye chupa. Mtu aliyelipa milioni saba, akafungua boksi taratibu, akazima taa, akaketi, akausikiliza wimbo anaoupenda kwa makini ambayo hajawahi kuyatumia, lazima asikie kitu kipya. Kilichobadilika ni yeye.

Na hapa ndipo penye ugomvi wangu hasa, ugomvi mkubwa kuliko kisanduku. Kiswahili chetu kina maneno mawili yaliyotoka mzizi mmoja, nasi tunayachanganya kila siku: ushuhuda na ushahidi. Ushuhuda ni yule anayesimama na kusema mimi nimeona, mimi nimesikia, mimi nimepona. Ushahidi ni kile kinachobaki ukishamwondoa msemaji ukakagua jambo lenyewe. Swichi hizi zimejengwa juu ya ushuhuda mtupu. Kurasa kwa kurasa za watu waliosikia. Ukiomba ushahidi unaambiwa vyombo vyako ni duni, au masikio yako hayajakomaa.

Sisi tunaijua njia hiyo inakoishia. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni za magari kwenda Loliondo kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Shuhuda zilijaa redioni na magazetini. Kuna wagonjwa walioacha dawa za hospitali kwa sababu mtu fulani alisema amepona. Sisemi swichi inaua. Wala silinganishi ukubwa wa madhara. Nasema kichwa ni kile kile: mtu akisema kwa uhakika na kwa hisia, tunafunga daftari. Msomi wa Masaki au Westlands anayemcheka mwanakijiji wa foleni ya Loliondo, halafu akaagiza swichi ya dola 3,000 kwa sababu kasoma watu kumi wamesikia tofauti, hana tofauti naye ila kiwango cha nauli.

Kuna na hili la wenzangu wa kalamu. Mimi ni ripota wa gazeti. Tunasemwa kwa bahasha, na tunasemwa kwa haki. Lakini ripota akiandika kwamba mto una sumu kwa sababu mtu mmoja alihisi, mhariri atamrudishia habari yake: nani amepima, upande wa pili unasemaje? Mhakiki wa vyombo vya sauti anaazimwa kifaa na kampuni, anakisikiliza nyumbani kwake akijua jina na bei yake, anaandika alivyojisikia, na ukurasa unaofuata una tangazo la kampuni hiyo hiyo. Sisemi kapewa kitu. Sina haja ya kusema hivyo. Utaratibu wenyewe umekwisha kumnyima nafasi ya kujua kama amekosea. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa mwamba ngoma, mpiga ngoma na mtoa sifa za ngoma wamekaa mkeka mmoja.

"Lakini pesa ni zao, zinakuwasha nini?" Swali zuri. Tajiri wa London akinunua pambo la milioni saba, Mungu ambariki. Pambo ni pambo, na mimi sipangii mtu pambo la sebuleni kwake. Kinachoniwasha ni kwamba maneno hayo hayabaki London. Yanasafiri kwa waya ule ule mpaka kwa kijana wa Sinza au Umoja anayejenga studio ya chumbani kwa kudunduliza, anayesoma usiku kujua atumie vipi laki tano zake. Huyo akiambiwa na watu wanaojiita wataalamu kwamba sauti yake imebanwa na swichi, waya na "usafi wa mtandao", kaingizwa mjini. Ataacha kununua kitu ambacho kingemsaidia kweli.

Na vipo vinavyosaidia kweli. Spika au hedifoni zenyewe, ambazo tofauti zake zinapimika na zinasikika hata na bibi yako. Mahali ulipoziweka: spika iliyosukumwa kwenye kona hutoa besi ya kunguruma, ivute kidogo kutoka ukutani bila gharama yoyote. Chumba: ukuta mtupu na sakafu ya vigae hurudisha mwangwi, zulia, mapazia mazito na rafu ya vitabu vitafanya kazi ambayo hakuna swichi itakayoifanya. Mipangilio ya programu yako: watu wangapi wanalipia huduma halafu wanasikiliza kwa kiwango cha chini kwa sababu waliweka cha kubana bando wakasahau? Na rekodi yenyewe. Wimbo uliorekodiwa vibaya studio utabaki vibaya hata ukiusafirisha kwa waya wa dhahabu.

Kwa hiyo ukikutana na muuzaji au shabiki wa swichi hizi, usibishane naye kuhusu fizikia mpaka usiku. Muulize maswali matatu tu. Kwanza, namba zinazofika kwa swichi yako na kwa ya dola 20 ni zile zile au la? Pili, kama ni zile zile, tofauti kwenye sauti inayotoka imepimwa wapi? Tatu, uko tayari kutaja mara 16 bila kuona kipi kinapiga? Akijibu yote matatu vizuri, mpe pesa yako. Akianza kukusimulia jinsi mkewe alivyokuwa jikoni akauliza "leo umebadilisha nini, muziki umependeza?", jua umepata ushuhuda mwingine. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Swichi hii imetembezwa sana.

Najua humu kuna wazee wa spika ambao hapa nimewagusa pabaya. Uwanja ni wenu, maoni yaleteni hapo chini. Mwenye swichi ya namna hiyo Dar, aseme. Swichi ya dola 20 na karatasi ya kuandikia majibu nitakuja nazo mimi, mtu wa tatu atabadilisha nyaya nyuma ya pazia, na matokeo nitayaandika hapa hapa yakiwa upande wowote. Matusi pia nitayasoma, lakini hayo hayahesabiwi kati ya 16.